Programu za Vifaa Ziandikwe kwa Kompyuta Zilizopo

Kila kifaa chenye chipu ndani yake kinafanya kazi kwa sababu kuna mtu aliyekiandikia programu kwenye kompyuta nyingine. Chipu ya mita ya umeme au ya taa ya sola haina kibodi wala kioo cha kuandikia. Programu yake huandikwa pembeni, ikageuzwa kuwa amri ambazo chipu hiyo inazielewa, kisha ikapakiwa kwa waya. Kwa hiyo anayetaka kuunda vifaa, badala ya kuvinunua tu, anahitaji vitu viwili: bodi yenye chipu, na kompyuta yenye zana za kuandikia. Bodi siku hizi si ghali. Kikwazo kimehamia kwenye zana, kwa kuwa si kila zana inakubali kila kompyuta.

Mkoani Mara jambo hili liko karibu na maisha ya watu kuliko linavyodhaniwa. Nyumba nyingi za Musoma, Bunda na Butiama zenye umeme wa TANESCO zina mita za LUKU, na ndani ya kila mita mna programu ndogo inayosoma tokeni ya tarakimu 20. Mwaka 2024 wateja nchi nzima walitakiwa kuingiza seti mbili za tarakimu kabla ya ile ya umeme walionunua. Sababu ilikuwa ya hesabu tupu. Kiwango cha kimataifa cha STS, ambacho mita hizo hukifuata, huhesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ni biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32, na dakika hizo zilifika ukomo tarehe 24 Novemba 2024. Uamuzi wa wahandisi wa miaka ya tisini ulimfikia mkazi wa Nyasho, Musoma, akiwa amesimama mbele ya mita yake, akibonyeza tarakimu 60 ili apate umeme wa shilingi elfu chache.

Mita si peke yake. Taa na mitambo ya sola inayolipiwa kidogo kidogo hujizima yenyewe malipo yakichelewa, kwa sababu programu iliyomo inahesabu siku. Mabasi ya masafa marefu yanayotoka stendi ya Bweri hubeba vifaa vya kufuatilia mwendo, ambavyo taarifa zake huifikia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Upande wa mashariki, katika Pori la Akiba la Grumeti linalopakana na Serengeti, zilijaribiwa kamera ndogo za TrailGuard za shirika la RESOLVE. Toleo lake lililotangazwa Januari 2019 lilikuwa na chipu ya Movidius kutoka Intel, inayotambua picha ya mtu ndani ya kamera yenyewe na kutuma picha hiyo pekee, ili betri isiishe kwa picha za swala na majani yanayotikiswa na upepo. Vingi vya vifaa hivi viliandikiwa programu mbali na Mara. Hilo si laana, na wala si la kudumu, ila haliwezi kubadilika kama kijana wa Kiabakari mwenye kompyuta ya mtumba anaambiwa tangu somo la kwanza kwamba kompyuta yake haifai.

Zana zenyewe ni nne, ingawa kampuni huzifunga pamoja zikaonekana kama programu moja. Ya kwanza ni kihariri, mahali pa kuandikia. Ya pili ni kompaila, inayogeuza maandishi ya lugha ya C au nyingine kuwa amri za chipu. Ya tatu ni kipakiaji, kinachopeleka amri hizo kwenye kumbukumbu ya chipu. Ya nne ni zana ya kusaka hitilafu, inayomwezesha mwandishi kuisimamisha programu katikati ya kazi na kuchungulia kilichomo. Kihariri hakina shida, maana maandishi huandikwa popote. Kompaila nayo husoma faili na kutoa faili, kwa hiyo hakuna sababu ya kiufundi ya kuifungia kwenye mfumo endeshi mmoja. Ugumu wa kweli huanzia pale kompyuta inapotakiwa kukigusa kifaa kupitia USB, kwa sababu hapo panahitajika draiva, na Windows, Linux na macOS kila mmoja una utaratibu wake.

Katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni nyingi zilichagua njia fupi: zikaandika zana zao kwa Windows pekee. Keil ya Ujerumani, iliyonunuliwa na ARM mwaka 2005, ilikuwa hivyo kwa zana yake ya µVision. IAR ya Sweden ilikuwa hivyo kwa Embedded Workbench. Microchip, watengenezaji wa chipu za PIC, walitoa MPLAB ya Windows tu hadi walipoijenga upya kwa jina la MPLAB X, inayokubali mifumo yote mitatu. Atmel, waliotengeneza chipu za AVR, walikwenda kinyume: mwaka 2011 waliijenga zana yao juu ya Visual Studio ya Microsoft na kuifunga kabisa kwenye Windows. Proteus ya Labcenter ya Uingereza, ambayo wanafunzi wengi wa elektroniki wa Afrika Mashariki huitumia kuchora saketi na kuijaribu bila kugusa waya, nayo ni ya Windows.

Matokeo yake katika vyuo yanajulikana na wote ingawa hayasemwi sana. Leseni kamili za zana hizo ni ghali kwa mwanafunzi, na matoleo ya bure yaliwekewa mipaka. Kwa miaka mingi toleo la majaribio la Keil lilikataa programu inayozidi kilobaiti 32. Nakala zilizovunjwa leseni zikawa ndizo kitabu cha kiada. Zilipita mkono kwa mkono kwenye flashi, pamoja na virusi vyake. Mwanafunzi alimaliza masomo akiwa na ujuzi halali juu ya zana asiyoruhusiwa kuitumia, na siku alipopata kazi au alipotaka kuuza kifaa chake alilazimika kuanza upya. Haya ni madhara makubwa kwa nchi inayotaka viwanda, na hayapimwi katika ripoti yoyote kwa kuwa hakuna anayetaka kuyaandika.

Njia nyingine ilikuwepo tangu zamani. Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa kompaila ya GCC, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Wengine waliifundisha lugha za chipu nyingi, AVR na ARM zikiwemo. Juu ya msingi huo, mwaka 2005, walimu na wanafunzi katika mji wa Ivrea nchini Italia walianzisha Arduino, wakitumia kazi ya Hernando Barragán wa Kolombia aliyekuwa ameunda Wiring. Programu ya Arduino iliandikwa kwa Java ili ifanye kazi kwenye Windows, Linux na macOS bila tofauti. Uamuzi huo mmoja, pamoja na bei ndogo ya bodi, ndio ulioifikisha Arduino katika shule ambazo Keil haikuwahi kuziona. Bodi ya Uno ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi, kiasi kidogo mno kwa macho ya leo, lakini kinatosha kuendesha pampu, kupima joto la kiotamishi au kufunga mlango wa banda.

Wenye chipu nao wakabadilika. Espressif ya Shanghai ilitoa ESP8266 mwaka 2014 na ESP32 mwaka 2016, chipu zenye Wi-Fi kwa bei ambayo awali isingenunua hata redio yake, na zana zake za ESP-IDF ni huria na zinakubali mifumo yote mitatu. STMicroelectronics ilinunua kampuni ya Atollic na mwaka 2019 ikatoa STM32CubeIDE kwa mifumo yote, bila malipo. Kwenye karatasi, basi, vita vimekwisha: zana karibu zote muhimu za leo zinapatikana kila mahali.

Karatasi hiyo haikuandikwa Bunda. Kupatikana kwa mifumo mitatu si sawa na kufanya kazi kwenye kompyuta iliyopo, na hapa ndipo hoja nzima ilipo. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwa bei ya mwanafunzi ni za mtumba, zilizotumika maofisini ng'ambo, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, pengine na Windows 7 au Windows 10. Toleo la pili la programu ya Arduino, lililotoka rasmi mwaka 2022, limejengwa kwa teknolojia ya vivinjari vya intaneti. Linataka mfumo wa biti 64 na hula kumbukumbu nyingi. Kwenye kompyuta mpya ni zuri. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 4 iliyofungua pia kivinjari chenye mafunzo, mashine hupumua kwa shida. Toleo la zamani la 1.8.19 bado linapakuliwa, ni jepesi, na lina matoleo ya biti 32. Mwalimu anayelijua hilo huokoa darasa zima. Asiyelijua huwaambia wanafunzi wakatafute kompyuta nyingine.

Kuna jingine lililoongeza uzito. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Kompyuta hizo hazijafa. Zikiwekewa Linux nyepesi zinaweza kuandika programu za vifaa kwa miaka mingi zaidi, na GCC, Arduino, OpenOCD (zana ya kusaka hitilafu) na KiCad zote zimo humo bila senti moja ya leseni. KiCad, programu ya kuchorea bodi za saketi iliyoanzishwa na Jean-Pierre Charras wa Grenoble mwaka 1992 na baadaye kusaidiwa na maabara ya CERN, inatosha kuchukua nafasi ya nakala zilizovunjwa leseni katika kazi hiyo ya kuchora. Wala Linux si jambo geni nchini: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004.

Kizuizi cha kila siku, hata hivyo, ni kidogo kuliko mfumo endeshi. Ni chipu ya upana wa ukucha iliyo kati ya waya wa USB na bodi. Bodi halisi za Arduino ni ghali kuliko nakala za China, na nakala hizo, ambazo ni halali kwa kuwa michoro ya Arduino iko wazi, mara nyingi hutumia chipu ya CH340 ya kampuni ya WCH. Kwenye Linux draiva yake imo ndani ya mfumo wenyewe. Kwenye Windows isiyo na intaneti haimo; kompyuta hukaa kimya kana kwamba hakuna kilichochomekwa, na mwanafunzi huamini bodi ni mbovu. Linux nayo ina mitego yake. Debian na Ubuntu humzuia mtumiaji wa kawaida kugusa mlango wa bodi mpaka aingizwe kwenye kundi la dialout, kisha atoke na kuingia upya. Kwenye Ubuntu 22.04 programu ya brltty, iliyowekwa kwa nia njema kwa ajili ya wasioona, huidhania CH340 kuwa mashine ya nukta nundu na kuinyakua. Kuiondoa ni amri moja, lakini amri hiyo lazima mtu aijue. Na kabla ya yote hayo, waya wenyewe ukaguliwe: nyaya nyingi zinazouzwa madukani ni za chaji tu, hazina nyuzi za data.

Historia ya draiva ina somo kali zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ya Scotland, iliyochoshwa na chipu bandia zenye jina lake, ilitoa draiva ya Windows iliyobadilisha namba ya utambulisho ndani ya chipu bandia ili kompyuta isizitambue tena. Draiva hiyo ilisambaa kupitia masasisho ya kawaida. Watu waliokuwa wamenunua vifaa vyao dukani kwa uaminifu, bila njia yoyote ya kujua kilichomo, waliamka vikiwa vimekufa. Kelele zilipozidi, draiva iliondolewa. Mfumo endeshi mmoja, sasisho moja, na vifaa vya watu wasio na hatia duniani kote vikazimwa. Shule inayotegemea mfumo mmoja tu imeweka maabara yake yote chini ya uamuzi wa namna hiyo.

Intaneti ni tatizo linalojitegemea. STM32CubeIDE na MPLAB X kila moja hukaribia au kuzidi gigabaiti moja. Arduino yenyewe ni ndogo, ila anayeongeza bodi za ESP32 hushusha mamia ya megabaiti zaidi, na upakuaji ukikatika katikati mara nyingi huanza mwanzo. Kwa anayenunua bando la siku, hiyo ni gharama kubwa kuliko bodi. Zana za ndani ya kivinjari, kama Wokwi na Tinkercad, zinaonekana kuwa jibu la mwisho la tofauti za mifumo, kwa kuwa kivinjari kipo kila mahali. Ni nzuri kwa kuonyesha na kujaribu. Lakini huhamisha utegemezi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye mnara wa simu, na Chrome pamoja na jamii yake ndiyo iliyokubali kuzungumza na bodi moja kwa moja tangu mwaka 2021, wakati Safari ilikataa. Mtandao ukianguka Butiama saa ya somo, somo limeanguka pia.

Jibu bora zaidi kwa mazingira haya limetoka Raspberry Pi ya Uingereza. Bodi ya Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4, hujionyesha kwenye kompyuta kama flashi. Mwanafunzi anabonyeza kitufe, anachomeka waya, kisha anaburuta faili na kuliachia ndani, na kazi ya kupakia imekwisha. Haihitajiki draiva maalumu, iwe ni Windows, Linux au macOS. Sehemu ya kupakilia imechongwa ndani ya chipu, kwa hiyo programu mbaya haiwezi kuiharibu. Ikiwekewa MicroPython, iliyoanzishwa na Damien George mwaka 2013, hata kompaila haihitajiki. Kihariri chepesi cha Thonny kutoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kinatosha. Wapo wahandisi wanaoidharau njia hii kwa kuwa haifundishi C mapema. Dharau hiyo haina msingi. Mwanafunzi aliyeiwasha taa yake siku ya kwanza atajifunza C katika mwezi wake wa tatu. Aliyeshinda wiki nzima akipambana na draiva hatarudi.

Simu nayo isisahaulike, maana vijana wengi wa Mara wana simu ya Android na hawana kompyuta kabisa. Programu ya ArduinoDroid huandika, hugeuza na kupakia programu kwenye bodi kwa waya wa OTG, yote ndani ya simu. Kioo ni kidogo na kuandika kwa vidole kunachosha. Hata hivyo, kwa zoezi la mistari 30 inafanya kazi, na shule yenye wanafunzi wengi na kompyuta chache haina sababu ya kuikataa.

Kuna kundi ambalo tayari linaishi na zana hizi kila siku na halihesabiwi: mafundi simu. Kwenye vibanda vya Mukendo na Nyasho mjini Musoma, na kandokando ya barabara kuu mjini Bunda, fundi anayeflashi simu anafanya kazi ileile ya kupakia programu kwenye chipu kwa waya. Naye amefungwa na mifumo. Odin, zana ya Samsung inayozunguka mikononi mwa mafundi, ni ya Windows. Zana za chipu za Unisoc ni za Windows. Boksi nyingi zenye leseni zinazouzwa kwa mafundi hudai Windows pia. SP Flash Tool ya chipu za MediaTek, zilizomo katika simu nyingi za Tecno, Infinix na itel, ina toleo la Linux, na kwa Samsung ipo Heimdall iliyo huria. Fundi wa namna hii anajua tayari maana ya draiva iliyokataa na faili lisilolingana na kifaa. Akipewa wiki chache za mafunzo ya kuandika, badala ya kupakia tu yaliyoandikwa na wengine, ana mwanzo mzuri kuliko wahitimu wengi wa nadharia. Kumwacha nje ya mipango ya teknolojia ya mkoa ni hasara isiyo na sababu.

Zana ya nne, ya kusaka hitilafu, ndiyo iliyobaki nyuma zaidi. Vipimio vya ST-Link vya bei nafuu na programu ya OpenOCD, iliyoanza kama kazi ya shahada ya Dominic Rath nchini Ujerumani mwaka 2005, vinafanya kazi kwenye mifumo yote, ila maandalizi yake yanataka uvumilivu. Wengi huishia kuchapisha ujumbe kwenye skrini na kubahatisha. Kwa mradi mdogo hilo linatosha. Kwa kifaa kitakachokaa ziwani, kwa mfano kipimio cha hewa ya oksijeni kwenye vizimba vya samaki, halitoshi: maji yasiyo na oksijeni yakipanda kutoka chini usiku, samaki wote wa kizimba wanaweza kufa kabla ya asubuhi, na hitilafu inayotokea mara moja kwa wiki haiwezi kuwindwa kwa kubahatisha.

Si haki pia kuilaumu Windows kwa kila kitu. Kifungo huja hata kutoka upande wa pili. NCSDK, zana ya awali ya kuandaa programu kwa vijiti vya USB vyenye chipu ya Movidius, iliandikwa kwa Linux, hasa Ubuntu 16.04, na hapo mwenye Windows ndiye aliyebaki nje. Jambo la kukataa ni kufungwa kwenyewe, bila kujali mlango uko kwa nani.

Wenye uamuzi mkoani wanajulikana. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, Butiama, kimo miongoni mwa vyuo vinavyonufaika na mradi wa elimu ya juu wa HEET unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa hiyo kina nafasi adimu ya kuchagua zana kabla desturi haijaota mizizi. Musoma ina chuo cha VETA na shule ya sekondari ya ufundi ya siku nyingi. Mtaala mpya wa sekondari umefungua mkondo wa amali. Katika kila moja ya taasisi hizi mtu mmoja huandika orodha ya programu za maabara, na orodha hiyo huamua nani ataweza kufanya mazoezi nyumbani.

Orodha hiyo ipimwe kwa maswali machache. Je, zana inafunguka kwenye Linux na kwenye Windows ya zamani, yenye gigabaiti 4? Je, inaweza kusakinishwa kutoka kwenye flashi bila intaneti? Je, leseni yake inamruhusu mwanafunzi kuuza alichounda? Je, kampuni ikibadilisha nia, chanzo cha programu kitabaki mikononi mwa watumiaji? Swali hili la mwisho lilipata uzito Oktoba 2025, Qualcomm ya Marekani ilipotangaza kuinunua Arduino. Watu wengi waliingiwa na hofu. Lakini chanzo cha programu ya Arduino kimetolewa kwa leseni huria ambayo haiwezi kurudishwa nyuma kwa yaliyokwisha kutolewa, na hiyo ndiyo kinga ambayo mtumiaji wa zana iliyofungwa hana.

Mitihani nayo ifuate. Swali linalosema "tumia Proteus" linapima umiliki wa Windows. Swali linalosema "chora saketi na uijaribu kwa zana yoyote" linapima ujuzi. Ni badiliko la maneno machache lisilohitaji bajeti. Kisha chuo kimoja kiweke hazina ya faili zote, za Windows, Linux na Android, pamoja na draiva za CH340 na vifurushi vya ESP32, kwenye kompyuta moja ambayo yeyote anaweza kunakili kutoka humo. Upakuaji wa mara moja utatosha wilaya nzima.

Hazina hiyo ina kazi nyingine ambayo wengi huikumbuka ikiwa imechelewa. Vifaa huishi muda mrefu kuliko kompyuta zilizoviandikia programu. Dira ya maji au kidhibiti cha pampu hutazamiwa kufanya kazi miaka mingi, na katika muda huo zana hubadilika: OpenVINO ya Intel, kwa mfano, iliacha kuzisaidia chipu za Movidius baada ya toleo la 2022.3. Programu iliyoandikwa leo ikigeuzwa na kompaila ya miaka minane ijayo yaweza isilingane, ikawa kubwa kuliko nafasi ya chipu au ikakataa kabisa. Kwa hiyo kila mradi uhifadhiwe pamoja na zana zilizouunda: chanzo cha programu, toleo la kompaila, maktaba zake, na maelezo ya namna ya kupakia, vyote katika folda moja. Zana huria zinazofunguka kwenye mfumo wowote huhifadhika hivi kwa urahisi. Zinazodai kuthibitishwa leseni kwenye seva ya kampuni hazihifadhiki, kwa sababu seva ikizimwa, folda nzima haifunguki tena.